Maji ya Mita Elfu Moja

Katubuka, Kigoma
10 Septemba 2023

Mama yangu mpendwa,

Asalaam aleikum. Yaya Ramazani (huku wangesema kaka), msomee mama polepole, na akikuambia rudia, rudia.

Mama, ulisema maneno ya simu yanapita na huwezi kuyashika, unataka kitu cha kusomewa hata mara tatu. Basi hii hapa. Nampa nahodha wa boti ya mizigo inayokuja Kalemie Jumatano.

Leo ni siku ya kumi na mbili tangu nifike. Nimepanga chumba Katubuka kwa mama mmoja Muha ambaye kila asubuhi ananiambia "Mwakeye" na hafungui mlango mpaka nimemjibu vizuri. Naenda kazini kwa bodaboda. Kile sisi tunakiita biro, wao wanaita ofisi. Ukiingia unasaini kitabu, unaandika saa uliyofika. Saa nne tunakunywa chai na chapati, saa saba ugali wa muhogo na samaki wa mgebuka, hivyo usiwaze kwamba nakonda.

Siku ya kwanza niliharibu. Niliwaambia wote "jambo", kama nyumbani. Dada Happiness, anayekaa meza ya jirani yangu, akanivuta pembeni: "Mdogo wangu, hapa mtu mzima anapewa shikamoo. Jambo tunawaachia watalii." Sasa nasema shikamoo mpaka kwa mlinzi ambaye nadhani nimemzidi umri. Ila yupo mzee mmoja, Mzee Nikodemu, nahodha wa boti ya ofisi, naona hajanisamehe. Aliniuliza jina la baba, nikamwambia Assani wa Kalemie. Tangu hapo akiniona anashika njia nyingine.

Kazi yangu ni ya ndani. Wengine wanakwenda majini kupima ziwa, mimi nabaki mezani kuingiza namba zao kwenye kompyuta. Kwa hiyo ahadi niliyokupa iko palepale.

Binti yako,
Merina

*Karatasi hii ni ya Ramazani peke yake. Usimsomee mama.*

Yaya, nimemdanganya. Kila Jumatatu na Alhamisi napanda boti. Ndiyo kazi niliyoajiriwa, haina namna nyingine. Najua aliniapisha kwamba sitagusa ziwa tena baada ya kuvuka kuja huku, na najua ni kwa sababu ya baba kuzama. Ngoja nizoee kwanza. Nitamwambia mwenyewe.

M.


Kalemie
24 Septemba 2023

Merina mwanangu,

Waaleikum salaam. Anayeandika ni Ramazani, lakini maneno ni yangu, na nimemkataza kuongeza.

Nimefurahi unakula. Nimefurahi zaidi kwamba unakaa mezani. Meza haizami.

Huyo mzee anayekukwepa mpelekee kitu kidogo, hata mihogo ya kuchemsha. Watu wazima wanataka kufuatwa.

Sasa nisikilize. Ukipata siku ya mapumziko nenda Ujiji. Nenda sokoni, nenda na msikitini wakati watu wanatoka swala ya Ijumaa, simama ng'ambo ya barabara. Usitazame vitu, tazama watu. Wanaume wa miaka sitini hivi. Kama kuna mwenye mguu wa kushoto unaochelewa kidogo akitembea, na mabega kama ya Ramazani, usimsemeshe. Angalia anaingia nyumba gani, halafu uniandikie.

Usiniulize kwa nini. Ukiwa mama utakuwa na mambo yako ambayo hutaki kuulizwa.

Mama yako,
Mwanaima

*Merina, hata mimi sijui anachotafuta. Nilipomuuliza aliniambia niandike. Ile karatasi yako nimeichoma. Vaa jaketi la kuokolea, tafadhali. R.*


Katubuka, Kigoma
15 Oktoba 2023

Mama,

Nimekwenda Ujiji mara mbili, Jumapili moja na Ijumaa moja niliyoomba ruhusa. Nimesimama ng'ambo ya msikiti mpaka muuza kashata akaniuliza kama nimempoteza mume. Wanaume wa miaka sitini ni wengi, mama, na nusu yao wana mguu unaochelewa. Mwenye mabega ya Ramazani sikumwona. Kama ni ndugu anayetafutwa, nipe jina, nitauliza vizuri kwa mwenyekiti wa mtaa.

Kazini wameshanizoea. Sasa wakitaniana kwa Kiha ninacheka wakati unaostahili. Mzee Nikodemu nilimpelekea mihogo kama ulivyosema. Aliipokea kwa mikono miwili, akanitazama muda mrefu, akasema "Mungu akubariki, mwanangu," akaenda zake. Simwelewi.

Merina

*Ya Ramazani peke yake.*

Yaya, lazima nimwambie mtu, na mtu ni wewe.

Alhamisi tulikwenda mbali, mpaka nyumba za Kigoma zikawa kama punje za mchele ufukweni. Mkuu wetu akasema leo tunachota maji ya mita elfu moja. Tuna chupa kubwa nene iliyo wazi juu na chini, inafungwa kwenye waya na kushushwa kwa mashine. Ikirudi inakuwa imejifunga, na ndani yake kuna maji ya hukohuko ilikofika.

Nilikaa kuangalia waya ukishuka. Ukashuka, ukashuka. Nikadhani mashine imeharibika. Dada Happiness akacheka: "Bado hata nusu."

Chupa ilipopanda nilipewa kufungua bomba lake. Maji ni meupe, safi kabisa, lakini yananuka yai lililooza. Mkuu akasema huko chini hakuna hewa. Ukipita mita mia mbili hivi samaki hawaishi tena, hakuna jani, hakuna mwanga, na maji hayo hayapandi juu kuchanganyika na haya tunayooga. Yamekaa hukohuko kwa mamia ya miaka. Nilikuwa na glasi mkononi, yaya, na ndani ya glasi kulikuwa na maji ambayo hayajaona jua tangu kabla babu wa babu yetu hajazaliwa. Niliangalia juu, ziwa limetulia, linang'aa, mtu anapita na mtumbwi wake anaimba, na chini yetu sote kuna nchi nyingine nzima ambayo hakuna aliyefika.

Nilizaliwa mita hamsini kutoka ziwa hili. Nimefulia humo, nimechota humo. Sikujua hata siku moja ni kitu gani.

Kisha nikamkumbuka baba, na nikakaa chini kwenye mbao za boti. Mzee Nikodemu alikuwa kwenye usukani. Alinitazama, akageuza uso.

Ichome na hii.

M.


Kalemie
29 Oktoba 2023

Kwa Bi Merina Assani,

Mimi ni Mwalimu Thobias, jirani yenu wa upande wa kisima. Kaka yako Ramazani ameitwa ghafla Moba kwenye kazi ya ujenzi. Mama aliniomba nimsomee barua yako. Karatasi zilikuwa mbili zimekunjwa pamoja, nami nilisoma ya kwanza na nikaendelea na ya pili kabla sijaona maandishi ya juu. Nilipoyaona nilikuwa nimeshafika kwenye chupa. Nilitaka kuacha. Mama aliniambia: "Soma, mwalimu. Hata kama umeandikiwa usisome." Naomba radhi. Yafuatayo ni maneno yake.

Merina,

Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nikamwita mwalimu aisome tena ile ya maji. Halafu tena. Sasa naijua kwa moyo.

Wewe umenificha jambo moja. Mimi nimewaficha ninyi miaka ishirini na miwili. Tulipane.

Baba yako alikuwa akivuka kwenda Kigoma kuleta chumvi na vitenge. Mwaka ule wa vita alivuka akakaa wiki tatu. Boti aliyotakiwa kurudi nayo ilizama, hakupona hata mmoja. Lakini walipoleta karatasi ya majina ya abiria, jina lake halikuwemo. Nikashukuru Mungu, nikangoja. Hakuja. Kisha mfanyabiashara mmoja akaniambia amemwona Assani Ujiji, ana mwanamke, ana duka. Niliwaambia ninyi baba amezama, kwa sababu hilo linasemeka kwa watoto. Mwenyewe sikujua. Kuna siku namweka majini, kuna siku namweka Ujiji. Siku za hasira ndizo namweka Ujiji, na siku za hasira zimekuwa nyingi.

Ndiyo maana nilikuruhusu kwenda. Nilijua huwezi kukaa mezani tu, wewe si mtu wa meza. Lakini nilitaka jicho langu liwe huko.

Nakuuliza mambo mawili. Mtafute mtu wa bandarini wa zamani, anayekumbuka boti ile. Na la pili, hayo maji ya chini: ni ya baridi sana?

Mama yako,
Mwanaima


Katubuka, Kigoma
12 Novemba 2023

Mama,

Mwalimu Thobias akusomee barua hii ukiwa umekaa.

Sikulazimika kwenda bandarini. Jumatatu tuliporudi kutoka majini, wenzangu walishuka, mimi nikabaki. Nikamwambia Mzee Nikodemu: "Shikamoo, mzee. Naomba kukuuliza kuhusu boti iliyozama mwaka elfu mbili na moja ikienda Kalemie."

Alizima injini. Akakaa juu ya kreti. Akasema, "Nimekungoja uniulize tangu siku ile uliyotaja jina la baba yako. Mwenyewe nilishindwa kuanza."

Mama, yeye wakati huo alikuwa kuli bandarini Kibirizi, hapa Kigoma. Boti ilikuwa imejaa na majina yameshaandikwa, nahodha amekataza mtu mwingine yeyote kupanda. Baba akaja anakimbia na ule mguu wake, jasho linamtoka, amebeba mzigo kichwani. Nahodha akamwambia subiri boti ya wiki ijayo. Baba akasema siwezi, nimeshachelewa wiki tatu, mke wangu atadhani nimemtupa. Nahodha akamwambia basi panda wewe, uache mzigo. Baba akakataa. Akasema: "Nimezunguka Ujiji nzima wiki tatu kuutafuta huu. Nikirudi bila huu, nimerudi na nini?"

Mzee Nikodemu alimwonea huruma. Nahodha alipogeuka, alimpa mkono baba, akamvuta juu, kisha wakasaidiana kuupandisha ule mzigo. Ulikuwa cherehani ya mkono, mama, imefungwa kwenye kitenge.

"Nilimpandisha mimi," akaniambia. "Jina lake halikuandikwa kwa sababu nilimpandisha kwa kuiba. Wiki ile nilikwenda na waliokwenda kutafuta. Tulikuta mapipa na makasha tu. Sijawahi kumwambia mtu. Halafu unaingia ofisini, una macho yake, unaniambia jambo."

Alilia, mama. Mzee mzima mwenye wajukuu. Nikamshika bega. Tulikaa hivyo mpaka mlinzi akaja kuuliza kama boti ina tatizo.

Uliuliza kuhusu baridi. Nimepima mwenyewe. Juu ni nyuzi ishirini na sita, chini kabisa ni ishirini na tatu. Haibadiliki, kiangazi wala masika. Si baridi, mama. Ni kama maji uliyoacha kwenye ndoo ndani ya nyumba, ukayakuta asubuhi. Na hakuna mawimbi. Hata siku ambazo juu boti zinapasuka, kule chini hakuna kinachotikisika.

Merina


Kalemie
21 Novemba 2023

Merina,

Mwalimu, andika hivi.

Cherehani niliomba mimi. Niliomba usiku mmoja kwa ugomvi, nikamwambia wanaume wenzako wanawaletea wake zao vitu. Sijamwambia mama yangu, sijamwambia jirani, sijawaambia ninyi. Asingeijua mtu yeyote ila Assani.

Nimepata nafasi kwenye boti ya Jumatano ijayo. Usinikataze. Mwambie huyo mzee asinikimbie.

Mwanaima

*Bi Merina: mama ameniomba nimfundishe kuandika jina lake kabla hajasafiri. Tumefanya siku nne. Hilo hapo juu ameandika mwenyewe. Thobias.*


Katubuka, Kigoma
6 Desemba 2023

Ramazani mwanangu,

Ukirudi kutoka Moba utakuta mlango umefungwa na ufunguo uko kwa Mwalimu Thobias, pamoja na barua zote; zisome kwanza. Niko Kigoma. Aliyeshika kalamu ni dada yako, nimemwambia akinipamba nitajua.

Nimevuka ziwa. Nilitapika kutoka Kalemie mpaka milima ya kwetu ikapotea, baada ya hapo sikuwa na kitu cha kutapika, nikaanza kutazama. Sikujua ni kubwa hivi. Nimeishi kando yake kama mtu anayeishi kando ya ukuta.

Siku ya pili Merina alinipeleka ofisini kwake. Wana meza nzuri. Huyo Happiness amenipa kiti chenye magurudumu, nikakikataa. Kisha akaingia mzee mwembamba ameshika kofia kifuani. Hakunisalimu. Alipiga magoti palepale mlangoni, mbele ya wafanyakazi wote, akasema, "Mama, ni mimi niliyempandisha. Ningemwacha nchi kavu angekuwa hai."

Ramazani, njia nzima nilikuwa nimeandaa maneno ya kumwambia mtu huyu. Yalinitoka yote. Nikamwambia: "Simama, baba. Wewe ulimsaidia mume wangu kuja nyumbani. Watu wengine walimfungulia duka Ujiji kwa midomo yao."

Akasimama. Tukanywa chai.

Jana mkuu wao aliruhusu nipande boti yao. Walinivika jaketi la rangi ya chungwa, nikafanana na boga. Nikodemu aliendesha taratibu kama amebeba mayai. Tulipofika kwenye kina akazima injini, akavua kofia. Merina akafunga ile chupa kwenye waya, ikaanza kushuka.

Nilianza Yasini. Ninayo kichwani, na unajua nasoma polepole. Nikaisoma yote, nikamaliza, nikatazama, waya bado unashuka. Nikasoma Fatiha, nikasoma Kulhuwallahu mara tatu. Bado unashuka. Hapo ndipo mwili wangu ulipoelewa, mwanangu. Miaka yote hii siku nilizomweka majini nilikuwa namweka karibu, hapo tu nyuma ya mitumbwi, kama mtu aliyelala asiyetaka kuamka. Nilimlaumu hata kwa hilo. Ni mbali, Ramazani. Ni mbali kuliko mtu anavyoweza kusema. Hakuna anayeweza kurudi kutoka mbali vile, hata awe anakupenda vipi.

Waya ulisimama. Merina akachukua kipande cha chuma, akakipachika kwenye waya na kukiachia kiteremke peke yake. Akasema kikifika chini kitagonga chupa nayo itajifunga. Akanishika mkono, akaniwekea vidole viwili kwenye waya. "Ngoja, mama," akaniambia.

Nikangoja. Jua lilikuwa kali, maji hayana hata mkunjo. Nilikuwa karibu kumwambia hakuna kitu.

Kikagonga. Mara moja, kidogo tu, kama mtoto anavyogeuka tumboni kwa mara ya kwanza na hujui kama ni kweli au umedhani tu. Kutoka huko chini kote mpaka kwenye vidole vyangu. Nilipiga kelele, Nikodemu akaja mbio akidhani nimejikata. Nililia na nikacheka, na dada yako hivi anavyoandika analia tena, atalowesha karatasi.

Maji yalipopanda niliomba yamiminwe mkononi mwangu. Yananuka kweli. Sikuyatupa. Nilikaa nayo mpaka yakakauka yenyewe.

Sasa fanya haya. Nenda kwa shehe, mwambie Ijumaa ya kwanza nikirudi tunasoma khitma ya baba yenu. Hatukumsomea kwa sababu mimi sikukubali. Alika mtaa mzima. Alika hata yule mfanyabiashara aliyemwona Ujiji, kama bado yu hai, na umpe sahani yake ijae. Upikwe wali, si ugali. Mwalimu Thobias akae mbele pamoja na wewe.

Watu watakuuliza mnamsomea nani, na mtu mwenyewe kapotea siku nyingi. Usiseme kapotea. Sema amefariki. Na wakikuuliza amefia wapi, waambie alikuwa njiani anakuja nyumbani.

Mimi mama yako,
Mwanaima,
mjane wa Assani